Ngazi ya Bi Damari

Siku ya kung'atuka, Zefania Semng'indo
aliweka mezani vitu vitatu:
funguo za ghala, daftari la machungwa,
na jiwe la mizani la kilo tano
alilotupimia haki miaka ishirini na mmoja.
Mvua ilikuwa imeshuka kutoka Magoroto,
ikapiga bati la ukumbi wa kanisa pale Mkuzi
hata mwinjilisti akaomba kwa kupayuka.

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Ajenda ya nne, taarifa ya fedha: imepokelewa.
Ajenda ya tano, shukrani kwa mwenyekiti:
mbuzi mmoja, kitenge cha mkewe,
na saa ya ukutani yenye picha ya mwana-kondoo.

Saa hakuigusa.
Alisimama kama yule nabii mzee
aliyejishitaki mwenyewe mbele ya watu wake
siku alipowakabidhi mfalme waliyemlilia.
"Nimekula cha nani?
Tenga la nani nililipunja?
Nani alinipa bahasha nikafumba jicho?
Semeni, ningali nimesimama."

Swali hilo tunalijua, na jibu lake tunalijua:
wale wa kale walijibu kwa kinywa kimoja, hukutudhulumu,
nasi tukajibu vivyo hivyo,
maana wali ulikuwa unapoa.
Mshereheshaji akaanzisha makofi.
Zefania akainua kiganja. Akangoja.

Sijapata kuona mtu akingoja vile.
Wakubwa niliowaandikia mihtasari
huuliza "kuna swali?" huku wakifunga faili.
Huyu alingoja mpaka mvua ikapungua,
mpaka kichanga cha mtu kikalia, kikanyonyeshwa, kikalala.

Ndipo Bi Damari Kilua akainuka benchi la nyuma.
"Ngazi yangu," akasema.
"Mwaka ule upepo ulipong'oa paa la kanisa
ulituma watu waichukue. Ukasema, mpaka jioni.
Jioni hiyo sijaiona hadi leo.
Machungwa yalikuwa yameiva. Elifazi akaparamia mti hivi hivi."
Hakumalizia.
Elifazi alikuwa ubavuni pake,
mkono wa kushoto umekunjika kama kigoe.

Zefania alikuwa na majibu, yote ya kweli:
kazi ilikuwa ya Mungu,
ngazi iliwavunjikia mafundi,
habari za mtoto hakuna aliyempa.
Mchungaji alimkazia macho kama anayemnong'oneza mojawapo.
Akavua kofia.
"Ni kweli. Niliichukua. Sikuirudisha."
Basi.

Jumamosi yake alionekana njiani,
miaka sabini na mitatu, ngazi mpya ya mianzi begani,
shati limelowa mgongo mzima.
Vijana wa bodaboda wakapunguza mwendo:
mzee, lete tukusaidie.
Akawaambia huu ni wake.
Shambani kwa Bi Damari akaisimika,
akaitikisa, akaisimika tena.
Elifazi akapanda kwa mkono wake mmoja,
naye akabaki chini ameshika miguu ya ngazi,
majimoto wakimdondokea shingoni,
asiachie hata kujipangusa.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya ukuu:
beseni, kitambaa kiunoni,
miguu ya wavuvi yenye matope,
nikaitikia amina mahali pa amina.
Siku ile, nikichungulia kutoka uani kwa jirani,
sikuitikia kitu.

Kwa kuwa mwaka ule wa paa
waliotumwa kuichukua ngazi walikuwa wawili.
Ncha ya nyuma niliibeba mimi.
Nilimjua mwenye mti, nilimjua na mtoto.
Na Zefania alipouliza, akangoja,
kabla yule mama hajainuka benchi la nyuma,
kalamu yangu ilikuwa imekwisha kuandika:
Malalamiko, hakuna.

Nimelikata neno hilo kwa wino mwekundu.
Bado linasomeka.